Chunya: dhahabu ikishatoka shimoni, fedha inalala wapi?

Chunya iko kilomita 70 hivi kaskazini mwa Jiji la Mbeya. Gari likitoka Mbeya linapanda mlima kwanza, baridi inakupiga hadi unafunga dirisha, kisha linateremka kuelekea Lwanjilo na Chalangwa, na kadiri unavyoshuka ndivyo koti linavyokuwa mzigo. Siku hizi njia ni lami. Mtu anaweza kunywa chai Mbeya, akafanya biashara yake Chunya mjini, akapitia Matundasi hadi Makongolosi, na jua likizama akawa amesharudi kwake Mbeya. Huko kurudi kulala Mbeya ndiko kisa ninachotaka kukichambua.

Dhahabu ya Mto Lupa ilijulikana mwaka 1922. Imepita zaidi ya karne. Katika karne hiyo Chunya imechangamka, ikasinzia kwa miongo, ikachangamka tena. Ukiwauliza watu sababu, wengi watakwambia dhahabu iliisha, halafu ikapatikana upya. Maelezo hayo mepesi yana kasoro moja: miamba ya Lupa haijahama. Kila mji ulipopanda au kushuka, kilichobadilika kilikuwa juu ya ardhi, yaani nani ananunua dhahabu, mchanga unaoshewa wapi, na mchimbaji anakula chakula kilichotoka kwa nani. Nitaipitia historia kwa jicho hilo, na pale lisipotosha nitasema.

Dhahabu ya kwanza ya Lupa ilikuwa ya mchangani, kwenye vijito na mikondo mikavu. Ya namna hiyo haihitaji mtaji mkubwa. Sululu, koleo, karai, maji na mgongo wa mtu vinatosha. Ndiyo maana waliokuja mwanzoni hawakuwa makampuni, walikuwa Wazungu wa kila aina waliokuwa wakibahatisha: Waingereza, Makaburu kutoka kusini, Wagiriki, wengine wakiwa wakulima ambao mashamba yalikuwa yamewatupa mkono. Miaka ya 1930 bei za mkonge na kahawa zilipoporomoka duniani, dhahabu ilikwenda kinyume. Uingereza iliacha kufunga sarafu yake kwenye dhahabu mwaka 1931, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Mchanga ambao juzi haukulipa, leo ukawa unalipa. Lupa ikafurika.

Waliochimba kwa mikono walikuwa Waafrika kwa maelfu. Wanyakyusa walishuka kutoka Rungwe, Wandali kutoka milima ya Ileje, Wasafwa na Wakinga kutoka jirani, na wengine walivuka mpaka kutoka Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wenyeji, Wakimbu na Wabungu, walijikuta ghafla ni wachache katika nchi yao. Kumiliki kitalu kwa Mwafrika lilikuwa jambo la nadra sana, hivyo nafasi yake ilikuwa kibarua. Na kibarua wa Lupa alikuwa na shida yake maalumu. Bosi mwenyewe mara nyingi alikuwa mkata. Alichukua watu akitegemea kuwalipa kutokana na kitakachopatikana, kisipopatikana akafungasha usiku na kuwaachia karai. Malalamiko ya mishahara isiyolipwa yalikuwa sehemu ya maisha ya Lupa kama mbu.

Sasa angalia shilingi ilivyozunguka. Bonde lile la miombo halikuwa na chakula cha kulisha umati ule. Mchele ulitoka tambarare za Kyela, ndizi na maharage kutoka Rungwe, mahindi kutoka Usafwa. Vilibebwa kichwani, baadaye kwa malori, vikauzwa kambini kwa bei ambayo mkulima hakuwahi kuiona nyumbani kwake. Kilimo cha mpunga cha kuuza kule Kyela kilipata msukumo mkubwa kutokana na matumbo ya Lupa. Kijana wa Kinyakyusa naye alikwenda kuchimba kwa miezi, akarudi kwao na fedha ya kodi, nguo na pengine ng'ombe wa mahari. Kwa maneno mengine, chakula kilishuka na fedha ikapanda mlima.

Na juu ya mlima kulikuwa na mji mpya wa kuipokea. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa pilikapilika hizo hizo za dhahabu. Maduka ya jumla, ofisi za serikali, hoteli, vyote vilipenda hali ya hewa ya kule kuliko joto na homa za Chunya. Ndege za Imperial Airways zilizokuwa zikitoka Uingereza kwenda Afrika Kusini miaka ya 1930 zilikuwa na kituo Mbeya. Chunya nayo ilipata maduka ya Wahindi na boma, ikawa mji wa kweli, lakini ilikuwa mji wa kupitia. Aliyepata alijenga kwingine. Tabia hiyo ilizaliwa wakati huo na haijatoka kabisa.

Kipindi cha Saza nitakipita haraka, kwa kuwa kilihusu kampuni zaidi kuliko watu. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, ukachimba mwamba chini kwa chini, na kwa uzalishaji ulikuwa wa pili Tanganyika baada ya Geita. Ulifungwaje? Hapa ndipo watu husema dhahabu iliisha. Tazama bei: ile dola 35 ya mwaka 1934 ilibaki vilevile baada ya vita, huku dizeli, vyuma, baruti na mishahara vikipanda kila mwaka. Mwamba uliolipa mwaka 1939 haukuweza kulipa miaka 17 baadaye hata kama ulikuwa na dhahabu ileile kwa tani. Nakubali kwamba mchanga rahisi wa vijitoni ulikuwa umekombwa, na hapo wanaosema iliisha wana haki kidogo. Lakini mwamba ulibaki, na kampuni iliyokuja baada ya nusu karne ilithibitisha hivyo.

Baada ya hapo Chunya ilikaa kimya. Barabara kuu ya zamani iliyopita Chunya kwenda Rungwa na Itigi ilipoteza uzito wake, hasa pale reli ya TAZARA na barabara ya Zambia zilipopita Mbeya miaka ya 1970 na kuuacha mji huu pembeni. Watu waliishi kwa tumbaku upande wa Lupa Tingatinga, kwa asali ya miombo, kwa mahindi, na wafugaji wa Kisukuma wakaingia na makundi yao. Wazee wachache waliendelea kusesa kimyakimya kwenye vijito baada ya mvua. Gramu zao zilikwenda kwa mlanguzi.

Duara na daftari

Miaka ya 1980 biashara ilipoanza kulegezwa, wachimbaji wadogo walirudi kwa kishindo, na safari hii hawakuwa na bosi wa Kizungu. Sheria za madini zilizofuata, ya 1998 kisha ya 2010, ziliwapa Watanzania leseni ndogo za uchimbaji. Ndipo ukaja mfumo ambao mpaka leo ndio unaoendesha maisha ya Makongolosi, Matundasi, Itumbi na kambi zinazozaliwa na kufa katikati yake.

Duara moja, yaani shimo la kuchimbia, lina watu wa ngazi kadhaa. Yupo mwenye leseni, ambaye pengine hajashuka shimoni maisha yake yote. Yupo mwenye duara, anayetoa fedha ya chakula, baruti, matimba ya kuzuia kuta na dizeli ya kuvuta maji. Halafu kuna wachimbaji wenyewe, pamoja na mlinzi, mpishi, mvuta kamba. Mawe yakipanda juu yanajazwa kwenye viroba na kupangwa mafungu mbele ya kila mtu. Mwenye leseni anatoa vyake kwanza. Gharama zinakatwa. Kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye duara na wachimbaji kwa mapatano ya mahali hapo. Hakuna mshahara. Wiki sita za kupasua mwamba usio na kitu ni wiki sita za ugali na maharage tu.

Mtu asiye na mshahara anakula nini siku ya arobaini? Anakula kwa mama lishe, kwa daftari. Daftari la mama lishe ni kitabu kinachostahili kusomwa na yeyote anayetaka kujua uchumi wa mji huu. Kuna majina ya utani matupu, kwa kuwa jina la kwao hakuna anayelijua. Mbele ya jina kuna sahani, chai, maandazi, na mara nyingine "elfu mbili ya vocha". Duara likijibu, yaani likitoa dhahabu, mama analipwa kabla ya baa. Lisipojibu, mama naye anadaiwa mchele na mwenye duka, mwenye duka anadaiwa Mbeya. Kambi nzima inachimba, hata wale ambao mikono yao haijashika sururu. Hili wapangaji wa mipango hulisahau wanapohesabu ajira za uchimbaji kwa kuhesabu vichwa vilivyomo shimoni.

Maisha ya jamii yamejipanga kwa kufuata hali hiyo. Kwa kuwa kila mtu ametoka kwao, Kiswahili ndicho nyumba ya wote, na utani wa makabila unafanya kazi ya kupooza ugomvi ambayo polisi wasingeiweza. Mnyakyusa, Msukuma na Mhehe wanaweza kutukanana mchana kutwa na jioni wakakaa meza moja. Makanisa ni mengi, Moravian likiwa na mizizi mirefu katika mkoa huu, misikiti ipo, na waganga nao hawakosi wateja, kwa sababu wapo wachimbaji wanaoamini dhahabu ni kitu chenye mwenyewe na hakitoki bila kuombwa. Zipo kambi ambako mwanamke hasogezwi karibu na mdomo wa duara kwa imani kwamba mwamba utakimbia. Wakati huohuo mwanamke ndiye anayeponda mawe, anayechekecha, anayepika na anayekopesha.

Chombo kinachoshikilia watu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni chama cha kufa na kuzikana. Duara likiporomoka na kumfukia mtu asiyejulikana kwao ni wapi hasa, kuna swali la nani atanunua sanda na jeneza na nani atalipa gari la kumfikisha kwa mama yake. Chama kinajibu hilo kwa michango midogo ya kila mwezi, iliyoandikwa na kugongwa muhuri. Kambi ikihama kufuata rashi mpya, yaani watu kukimbilia dhahabu iliyosikika kwingine, baa zinahama, wanawake wa biashara wanahama, hata turubai la msikiti linahama, na orodha ya kufa na kuzikana inahama pamoja na watu wake.

Watoto ndio upande mbaya wa picha hii. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya dhahabu nchini, na Chunya ilikuwa kati ya maeneo iliyoyafikia. Mtoto anaanza kwa kuchota maji Jumamosi. Akishalipwa mara moja, darasa linaanza kuonekana refu.

Mwalo: hapa ndipo fedha inapopotea

Mchimbaji akipata viroba vyake anavipeleka kwenye karasha, mawe yanasagwa, kisha unga unapelekwa mwalo. Unamwagiwa maji na kuteremka kwenye ubao uliotandikwa zulia au gunia, vizito vinanasa, vyepesi vinakwenda na maji shimoni. Zulia linakung'utwa kwenye karai. Zebaki inatiwa, inachanganywa kwa kiganja, inakamata chembe za dhahabu, inakamuliwa kwenye kitambaa hadi inabaki tone gumu la rangi ya fedha. Tone linachomwa. Moshi wake ni sumu, na huchomwa mara nyingi karibu na masufuria ya chakula. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini zebaki bado ipo, kwa sababu inafanya kazi dakika chache na haiombi umeme.

Tatizo la pili la zebaki halinuki wala haliui, kwa hiyo halizungumzwi sana: inakamata kwa kawaida chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Nyingine inabaki kwenye mchanga ulioshuka shimoni, yaani marudio. Je, marudio ni ya nani? Kwa desturi ya mialo mingi ni ya mwenye mwalo. Ndiyo maana gharama ya kusaga na kuosha inaonekana nafuu. Mchimbaji akiuliza, jibu huwa la upole kabisa: "Mdogo wangu, si nimekusagia kwa bei ya chini? Marudio ni ya mwalo, utaratibu unaujua." Naye ana haraka, ana daftari la mama linamsubiri, anachukua tone lake na kuondoka.

Mwenye mwalo hana haraka. Anakusanya marudio ya watu wengi kwa miezi, anayauza au anayaingiza mwenyewe kwenye matangi ya sayanidi, dhahabu inayeyuka na kunaswa na kaboni, kaboni inapelekwa kwenye mtambo wa kuichenjua. Anachopata kinaweza kuzidi alichopata mchimbaji aliyehatarisha shingo yake. Simlaumu, ameweka mtaji wa matangi na kemikali na amesubiri. Ila mtu akiniuliza kwa nini mchimbaji wa Chunya amechimba miaka 20 na hana nyumba wakati mwenye karasha ana tatu Mbeya, sitaanza kumhubiria kuhusu pombe na wanawake kama wanavyopenda kufanya viongozi. Nitamwonyesha lundo la marudio.

Dirisha la 2019

Mwaka 2019 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na ikaanzisha masoko ya madini, la Geita likitangulia na la Chunya likifunguliwa mwaka huohuo. Kabla ya hapo dhahabu iliuzwa kichakani. Mnunuzi alikuja kambini na mzani mdogo na bei yake mfukoni, pointi zikapunguzwa hapa na pale, na kilichonunuliwa kikaondoka bila mrabaha wala risiti.

Sokoni dhahabu inapimwa usafi kwa mashine, inapimwa uzito mbele ya mwenyewe, bei elekezi ya siku imebandikwa, wanunuzi wenye leseni wako madirishani wakishindana. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vilikatwa hapohapo, na halmashauri ikachukua ushuru wa huduma wa asilimia 0.3. Kiasi cha dhahabu kilichopita kwenye vitabu vya Chunya kiliongezeka sana. Naamini ni kwa sababu rahisi: ukishaondoa zile asilimia 23 za kodi mbili za mwanzo, kukwepa hakukuwa na faida ya kutosha kwa hatari yake.

Ile asilimia 0.3 inaonekana ndogo hadi ukumbuke ramani. Mgodi mkubwa wa New Luika, jirani na Saza ya zamani, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012 ukiwa ndani ya Wilaya ya Chunya. Januari 2016 ukaundwa Mkoa wa Songwe, Wilaya ya Songwe, yenye makao yake Mkwajuni, ikakatwa kutoka Chunya, na Saza, mgodi na ushuru wake vikahamia huko. Chunya ikabaki na wachimbaji wadogo. Kwa hiyo madawati, zahanati na barabara za vumbi za Chunya zinategemea viroba vya watu wasio na mshahara kupita kwenye lile dirisha badala ya kichaka. Mauzo yaliyokuwa yakifanyika kichakani yaliletwa mjini hadharani, na mji umebadilika kwa macho: benki, nyumba za wageni, maduka ya vipuri, mafundi.

Lakini dirisha lina upofu wake. Linaona muuzaji, halioni deni. Wenye duara wengi wana mfadhili aliyewapa dizeli na mchele miezi mitatu iliyopita, kwa makubaliano kwamba dhahabu itakwenda kwake kwa bei pungufu. Dhahabu hiyo inafika sokoni ikiwa na risiti safi na bei elekezi, ila imeshauzwa zamani, kwa bei nyingine, chini ya mti. Benki zimeanza kuzungumza na wachimbaji, lakini mkopo unaotaka hati ya nyumba haumfai mtu anayeishi kwenye turubai. Mfadhili hataki hati. Anataka kukujua.

Kuhusu marudio, dalili ya njia nyingine ipo Itumbi, ambako STAMICO, shirika la madini la taifa, inaendesha kituo cha mfano cha uchenjuaji, kimoja kati ya vitatu nchini pamoja na Lwamgasa na Katente. Pale mchanga unapitishwa kwenye sayanidi na kaboni moja kwa moja, na dhahabu inayopatikana ni zaidi ya maradufu ya ile ya zebaki. Mwenye mchanga analipia huduma na kuondoka na mali yake. Kikwazo ni kwamba mtambo wa namna hiyo unataka tani nyingi kwa mkupuo, na mtu mwenye viroba kumi na deni la chakula hawezi kusubiri wenzake wajaze.

Hapo halmashauri ina nafasi ambayo haihitaji sheria mpya kutoka Dodoma. Inaweza kuviweka vikundi vya maduara jirani chini ya hesabu moja, mchanga wao ukapimwa kiwango kabla ya kuoshwa, na kila mwenye kiroba akapewa karatasi yenye gramu zinazokadiriwa kubaki kwenye marudio. Hata akiamua kumwachia mwenye mwalo, awe ameachia kitu anachokijua bei. Wenye mialo watapinga, na watasema bei ya kusaga itapanda. Itapanda kweli.